Walt Disney na reli aliyoijenga nyuma ya nyumba yake

Jina la Disney wasikilizaji wetu wengi mmekutana nalo, iwe kwenye fulana ya mtoto, kwenye begi la shule au kwenye video fupi za simu. Panya mwenye masikio ya duara, Mickey Mouse, ndiye aliyelitangaza jina hilo duniani kote. Leo hatutakaa sana na panya huyo. Tunawaletea habari ya reli ndogo ambayo mwenye jina lenyewe, Walt Disney, aliijenga katika bustani ya nyumba yake mjini Los Angeles, Marekani. Treni yake ilianza kuzunguka bustani mwaka 1950. Ilibeba watu kwa miaka mitatu hivi, kisha yeye mwenyewe akaisimamisha baada ya mtoto mdogo kuungua.

Tukisema reli ndogo hatuna maana ya kile kitu cha kuchezea kinachozunguka juu ya meza. Hii ilikuwa na injini ya mvuke ya kweli, yenye moto na makaa ya mawe, na watu wazima walipanda juu ya mabehewa yake wakabebwa. Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye kampuni kubwa ya filamu alitumia miaka kadhaa akichonga mbao za mabehewa usiku, inabidi turudi nyuma kidogo.

Walt Disney alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Mwaka 1906 baba yake, Elias, aliihamishia familia kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Marceline, jimbo la Missouri. Mji huo ulizaliwa na reli. Kampuni ya reli ya Santa Fe ilihitaji kituo cha njiani kati ya Chicago na Kansas City, na watu wakajenga kukizunguka, kama ilivyotokea kwetu Nairobi, ambako kambi ya wajenzi wa reli iligeuka kuwa mji. Mume wa dada yake mama, Mike Martin, alikuwa dereva wa treni za Santa Fe. Kwa mtoto wa shambani, kuwa na ndugu anayeshika usukani wa mtambo mkubwa kama ule ilikuwa heshima kuliko kuwa na ndugu tajiri.

Shamba halikudumu. Baba aliugua, shamba likauzwa, na mwaka 1911 wakahamia Kansas City. Huko Walt na kaka yake Roy waliamshwa kabla ya alfajiri kusambaza magazeti nyumba kwa nyumba, theluji iwepo isiwepo, kisha ndiyo waende shule. Kazi hiyo ilikuwa ya baba, na watoto hawakulipwa. Mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 15, Walt alipata kazi ya likizo iliyomfurahisha kuliko zote: mchuuzi ndani ya treni. Alipita behewa hadi behewa akiuza magazeti, matunda, peremende na soda. Biashara hiyo ilimtia hasara. Matunda yaliharibika, chupa tupu alizotakiwa kurudisha zilipotea, na nyingine kati ya bidhaa zake alizila mwenyewe. Lakini aliwahonga madereva tumbaku wamruhusu kukaa nao mbele, karibu na moto, na hapo alijifunza mengi ambayo baadaye yalimfaa.

Miaka iliyofuata inajulikana zaidi, kwa hiyo tutaipitia haraka. Kampuni yake ya kwanza ya katuni mjini Kansas City ilifilisika mwaka 1923. Alipanda treni kwenda California, na mwaka huohuo yeye na Roy wakaanzisha studio yao. Mwaka 1928 alinyang'anywa haki za mhusika wake wa katuni, sungura aitwaye Oswald. Mickey Mouse alibuniwa baada ya pigo hilo, akaonyeshwa New York mwezi Novemba mwaka huohuo. Desemba 1937 ilitoka filamu ndefu ya Snow White, na pesa zikaingia.

Mafanikio hayo yalifuatwa na msiba. Ndugu hao wawili waliwanunulia wazazi wao nyumba karibu nao. Mwezi Novemba 1938 mtambo wa kupasha joto katika nyumba hiyo ulivujisha hewa ya sumu, na mama yao, Flora, akafa. Baba alinusurika. Mwaka 1941 wafanyakazi wa studio waligoma kwa wiki kadhaa, na Walt, aliyejiona kama baba wa wote pale, hakuwasamehe kabisa viongozi wa mgomo. Vita vya pili vya dunia vikafunga masoko ya Ulaya. Vilipokwisha, studio ilikuwa na deni la benki la zaidi ya dola milioni 4. Mwenyewe alikuwa mchovu, halali vizuri, na shingo yake iliyoumia zamani katika mchezo wa polo ilimtesa kila jioni.

Krismasi ya mwaka 1947 alijinunulia treni ya umeme ya kuchezea na kuitandaza katika chumba kilicho jirani na ofisi yake. Waliomtembelea kwa mambo ya mikataba walimkuta amepiga magoti sakafuni akipanga reli. Ikatokea kwamba wachoraji wake wawili walikuwa wameshamtangulia katika ugonjwa huo. Ward Kimball alikuwa na injini ya kweli, ya ukubwa kamili, nyuma ya nyumba yake. Ollie Johnston alikuwa akijijengea treni ndogo ya mvuke. Muuguzi wa studio, aliyemkanda ile shingo, alimshauri aende kupumzika. Agosti 1948 Walt na Kimball walipanda treni hadi Chicago kwenye maonyesho makubwa ya reli, ambako waliruhusiwa kuendesha injini za zamani wenyewe. Alirudi nyumbani mtu mwingine.

Alianza na injini kabla ya kuwa na mahali pa kuipitisha. Alichagua kuiga injini namba 173 ya kampuni ya Central Pacific, ya karne ya 19, yenye bomba la moshi lililopanuka kwa juu kama faneli. Kila kitu kilipunguzwa hadi sehemu moja ya nane. Yaani gurudumu ambalo kwenye injini kubwa lina kimo cha mita moja na nusu, hapa linabaki na sentimita 19 hivi. Upana kati ya reli mbili ulikuwa inchi 7 na robo, sawa na milimita 184, karibu urefu wa penseli mpya. Kwa kulinganisha, reli zetu za zamani, ya Mombasa hadi Kisumu au ya Dar es Salaam hadi Kigoma, zina upana wa mita 1, na SGR ni milimita 1435.

Kazi ilifanyika katika karakana ya studio chini ya fundi mkuu, Roger Broggie. Hapa ndipo habari hii inatupendeza. Mwenye kampuni alivaa nguo za kazi akawa mwanafunzi wa mfanyakazi wake. Broggie alimpa benchi lake na kumwanzisha na kazi ndogondogo. Walt alijifunza kukunja bati, kukata chuma kwa mashine na kuunganisha kwa risasi, akatengeneza taa ya mbele na bomba la moshi. Useremala aliujua tangu kwa baba yake, kwa hiyo behewa la mwisho, lile la gadi, alilijenga kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na vitanda na kijiko kidogo cha kupasha joto ndani yake, chenye urefu unaoweza kukaa kiganjani. Kijiko hicho kilimfurahisha kiasi cha kutengeneza vingine vingi na kuwagawia marafiki. Watu wa fedha katika studio walikuwa na maoni yao kuhusu saa alizotumia huko, nasi tunawaelewa. Lakini mtu ambaye kwa miaka kumi alikuwa anatia sahihi barua tu, sasa alikuwa na kitu anachoweza kukishika, na kikikosewa anakirudia kesho yake.

Injini ilipakwa rangi na kupewa jina Lilly Belle, kwa heshima ya mkewe, Lillian. Ilikimbizwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu mkesha wa Krismasi wa 1949, ndani ya jengo la kupigia filamu, kwenye reli fupi ya muda.

Wakati huo Walt alikuwa amenunua kiwanja cha eka 5 katika mtaa wa Carolwood Drive, eneo la Holmby Hills. Alikichagua akiangalia miteremko na mahali pa kupitisha reli kabla ya kuangalia mahali pa jikoni. Lillian na mabinti wao wawili, Diane na Sharon, hawakuona jambo la kufurahia sana katika treni inayopita mbele ya madirisha. Walt akamwita wakili, ikaandaliwa hati ya kumpa yeye haki ya njia ya reli katika kiwanja cha familia. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha ulioandikwa kisheria. Yeyote aliyewahi kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba ataona busara yake.

Lillian alikuwa na sharti moja zito: bustani yake ya maua isikatwe na reli. Njia pekee ilikuwa kupita chini yake. Likachimbwa handaki la saruji lenye urefu wa mita 27 hivi, kisha udongo ukarudishwa juu na maua yakapandwa. Handaki hilo halikunyooka. Walt aliagiza lipinde kama herufi S, ili anayeingia asione mwanga wa upande wa pili na apate woga kidogo gizani. Inasimuliwa kwamba msimamizi wa ujenzi alimweleza kuwa handaki lililonyooka lingegharimu pesa kidogo zaidi, na Walt akamjibu kwamba kutochimba kabisa kungegharimu kidogo kuliko yote.

Njia nzima ilifika karibu mita 800, ikijipinda na kujirudia ndani ya kiwanja. Palikuwa na daraja la mbao lenye urefu wa mita 14 na kimo cha karibu mita 3. Kulikuwa na sehemu za kubadili njia, zilizoongozwa kutoka kwenye banda jekundu la mbao. Banda hilo alilijenga kwa mfano wa lile la shambani Marceline, na ndani yake akaweka karakana yake. Reli ilifunguliwa tarehe 7 Mei 1950. Mabehewa ya wazi ndiyo yaliyobeba abiria, wamekaa kama mtu aliyepanda punda, miguu huku na huku, na dereva akikaa nyuma ya injini juu ya behewa la makaa na maji.

Kujenga reli ya bustanini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili haina picha nzuri. Ardhi hutembea. Mvua ikinyesha, tuta hunywa maji na kuzama upande mmoja, na kwenye reli ya upana wa penseli kuzama kwa unene wa kidole ni jambo kubwa kuliko kwenye reli ya mita moja. Ndiyo maana chini ya mataruma hutandazwa kokoto zenye kingo kali, si za mtoni za mviringo. Kokoto hizo hushikana, na maji hupita katikati yake. Mizizi ya miti huinua njia, majani makavu huteleza chini ya magurudumu, na mataruma ya mbao huoza pale maji yanapotuama. Jua nalo hurefusha chuma. Lazima kuachwe nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, la sivyo mchana wa joto reli hujipinda na kutoka kwenye mstari. Mwenye reli ya namna hii huikagua kwa miguu, akiwa na nyundo na spana, kabla ya treni kutembea.

Injini yenyewe inadai zaidi. Moto huwashwa mapema, na maji huhitaji muda wa kuchemka hadi mvuke uwe na nguvu. Fikiria sufuria ya maharage iliyofunikwa: mfuniko unapigapiga kwa sababu mvuke unatafuta pa kutokea. Katika boila mfuniko umefungwa kwa chuma, na mvuke huachiwa njia moja tu, ya kwenda kusukuma pistoni zinazozungusha magurudumu. Dereva huangalia kila wakati kiasi cha maji katika bomba la kioo. Maji yakishuka chini ya bati lililo juu ya moto, bati huungua na kulegea, na boila inaweza kupasuka. Kuna vali ya usalama inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi. Baada ya safari majivu hutolewa, mafuta hupakwa, na boila husafishwa uchafu wa chokaa ulioachwa na maji. Ukubwa wa injini haupunguzi hata moja ya kazi hizi, wala haupunguzi joto la mvuke.

Mwishoni mwa wiki Carolwood ikajaa. Walikuja watoto wa majirani, waigizaji, na hata mchoraji maarufu wa Hispania, Salvador Dalí. Walt alivaa kofia ya dereva na kuwaendesha. Baadaye, reli ilivyopata umaarufu, aliwaruhusu wageni wengine kushika injini. Kwa maoni yetu, hatari iliingia hapo. Treni ya namna hii ina tabia ambayo gari halina. Abiria wanakaa juu ya njia nyembamba sana, uzito wote uko juu, na kwenye kona mwendo ukizidi kidogo treni inalala ubavu. Aliyeijenga anaijua kila kona kwa mwili wake. Mgeni anaona kitu kidogo tu, na kitu kidogo hakimtishi mtu.

Mwaka 1953 mgeni mmoja aliyekuwa akiendesha aliingia kwenye kona kwa kasi. Injini iliacha reli na kuanguka. Filimbi ya mvuke ikavunjika, na mvuke ukaruka kutoka kwenye tundu lake. Msichana wa miaka mitano alikuwa hapo karibu, akapita katika mvuke huo na kuungua miguu.

Mvuke huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia hapohapo joto lote ulilobeba. Wasikilizaji wanaopikia kuni au makaa wanaijua ajali hii kwa sura nyingine, pale mtoto anapofunua sufuria. Pooza kidonda kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya.

Walt aliagiza Lilly Belle iwekwe stoo katika studio, na treni haikuzunguka tena Carolwood. Angeweza kuwapiga marufuku wageni kuendesha, au kupunguza nguvu ya mvuke, na reli ikaendelea. Hakufanya hivyo. Sisi tunaikumbuka ile nyumba ya mwaka 1938, zawadi ya watoto kwa wazazi, na mtambo uliomuua mama ndani yake, na hatushangai kwamba mtu huyu hakutaka tena mashine yake imdhuru mtu nyumbani kwake.

Lakini wazo la treni hakuliacha. Tayari alikuwa na ndoto ya bustani ya burudani kwa ajili ya familia. Mwaka 1952 alipeleka mpango wa kuijenga karibu na studio mjini Burbank, na mji ukakataa. Alipata eka 160 za mashamba ya machungwa huko Anaheim. Tarehe 17 Julai 1955 ilifunguliwa Disneyland, imezungukwa na tuta la udongo, na juu ya tuta hilo treni za mvuke zikipita.

Injini mbili za kwanza zilijengwa na studio, Broggie akisimamia, kwa kupanua michoro ya Lilly Belle mara 5. Ukizidisha milimita 184 kwa 5 unapata 920, na upana wa reli ya Disneyland ni milimita 914, pungufu kidogo tu kuliko ile ya mita moja tuliyoizoea Afrika Mashariki. Safari hii madereva walikuwa wafanyakazi waliofundishwa, na abiria walikaa ndani ya mabehewa. Injini namba 1 iliitwa C. K. Holliday, jina la mwanzilishi wa reli ya Santa Fe. Namba 2 iliitwa E. P. Ripley, rais wa zamani wa kampuni hiyohiyo, ile iliyoanzisha mji wa Marceline na kumwajiri mume wa dada yake mama.

Nyumbani Carolwood, reli zililala kwenye nyasi na handaki likabaki chini ya maua. Walt aliendelea kulitumia banda jekundu kama karakana. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966 kwa saratani ya mapafu, siku kumi baada ya kutimiza miaka 65. Alikuwa amevuta sigara tangu ujana wake.

Mwaka 1999 banda lilihamishiwa Griffith Park, Los Angeles, kwenye uwanja wa watu wanaojenga treni ndogo za mvuke. Watu wa kujitolea ndio wanaolitunza, na hulifungua kwa wageni Jumapili moja kila mwezi. Lilly Belle yenyewe iko San Francisco, katika jumba la makumbusho la familia yake, ndani ya kioo, boila ikiwa baridi.